Mbili Mara Tatu

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mvua tangu alfajiri. Nimezunguka nyumba zangu kumi kabla ya uji. Balozi lazima azunguke. Nyumba ya tatu paa linavuja. Nyumba ya saba wamegombania kuku. Nimeamua. Kuku karudi kwa mwenyewe.

Bahasha za dawa leo nimesoma nne. Wananiletea hapa kibarazani. Moja mara tatu, nikawaambia tatu. Moja mara mbili, nikawaambia mbili. Tangu daktari aanze mambo yake ya bahasha, mimi ndiye macho ya nyumba kumi. Safu hii mwenye cheti cha kisomo cha watu wazima ni mimi peke yangu. Miaka ishirini na mbili nilikuwa mnyapara wa gengi la reli. Mataruma yanayobeba reli nilihesabu kwa kichwa. Mzungu alihesabu kwa kalamu, akikosea ananiuliza mimi. Sasa na kalamu ninayo.

Mwalimu wa kisomo kasema tuandike kila siku, mkono usisahau. Naandika. Wengine darasani hawaandiki. Watajuta.

Jumatano, 5 Machi

Landirova ya daktari imefika, matope mpaka kwenye kioo. Huja Jumatano, huondoka Ijumaa. Daktari Mwanahawa. Mwanamke, tena Mzaramo. Mtani wangu huyo. Babu zetu Wanyamwezi walipita kwao na pembe mabegani kwenda pwani, njia yenyewe ndiyo hii inayopita nyuma ya zahanati. Utani ulianzia humo. Kwa hiyo hana ruhusa ya kunikasirikia, wala mimi yeye.

Kaniona kwenye foleni. "Shikamoo mpagazi. Mzigo leo umeutua wapi?" Nikamwambia marahaba, nimeutua kwenu, mlikuwa kwenye ngoma hamkuniona. Watu wakacheka, hata wenye homa.

Lakini foleni siipendi. Balozi nimesimama nyuma ya mtoto mwenye upele. Zamani Saidi dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliniita dirishani. Sindano moja, naondoka. Sasa daktari kasema wote sawa. Sindano hakuna mpaka iwe lazima. Vidonge, bahasha, na choo kila nyumba. Kasema daktari anayekaa mjini akingoja wagonjwa wamjie hajafanya kazi. Choo changu nimechimba futi kumi na mbili. Hakuna aliyenifikia.

Mwenyekiti Kapalata kanuna. Kwake kulikuwa na sanduku la dawa, akiba ya viongozi. Daktari kalifuata mwenyewe, kalibeba kichwani mpaka zahanati, kijiji kizima kinatazama. Mwenyekiti kasimama mlangoni kama mtu aliyeachwa na treni. Nilicheka moyoni. Na mimi nilikuwa napata kwenye sanduku lile. Nilicheka tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nyamizi kaamka na homa. Mke wangu huyu halali ovyo, akilala ujue ni kweli. Kaenda zahanati peke yake. Mimi nilikuwa shamba la kijiji, zamu yetu.

Klorokwini humwasha mwili, hujikuna mpaka damu. Kwa hiyo daktari kampa kwinini. Nimerudi saa kumi nikakuta bahasha. Imeandikwa 2 x 3. Nikamsomea kwa sauti. Mbili mara tatu, sita.

Kauliza, sita zote? Kasema daktari alimwambia kitu, ila foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, hakushika vizuri. Nikamuuliza, kilichosemwa na kilichoandikwa, kipi kina nguvu? Serikali haiandiki ovyo.

Akameza. Moja moja na maji, mpaka sita. Uso ulimkunjamana. Nikamsifu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi sita nyingine. Saa nne kasema masikio yana nyuki. Nikamwambia ndiyo dawa inafanya kazi. Saa tano kasema macho yana giza. Akatapika. Akaanguka kando ya kinu, mwichi mkononi.

Tumembeba kwa kitanda. Daktari kakimbia kutoka ndani bila viatu. Kampima, kaniuliza amekunywa nini kingine, mizizi, majani, pombe. Nikasema dawa yako tu. Kauliza tena. Nikasema tena.

Kamtia kwenye Landirova, kampeleka hospitali Tabora. Mimi nimeambiwa gari limejaa. Nimebaki barabarani na kiatu kimoja cha Nyamizi.

Nyumba kubwa leo.

Jumamosi, 8 Machi

Barabara imekatika kwenye daraja. Hakuna habari. Siwezi kwenda kwa miguu, goti. Zamani ningekwenda.

Mwenyekiti kaja na mwavuli. Tangu malori yatulete hapa mwaka jana hajakanyaga kwangu. "Pole sana mzee. Huyu binti atatumalizia watu." Kauliza ni nani aliyesema sita. Nikasema bahasha. Kauliza bahasha ya nani. Nikasema ya daktari. Akasema basi, hapo hapo.

Jioni nimewaambia watu kibarazani kwamba daktari kaandika sita. Wote wamekubali ni sumu. Wamesema afadhali Saidi na sindano zake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejua.

Nilikwenda zahanati kuuliza kama kuna habari ya mjini. Ipo. Nyamizi yu hai. Nilikaa kwenye benchi kumshukuru Mungu. Ndani Saidi dresa alikuwa anampa mama mmoja bahasha. Nikamsikia: hizi mbili mara tatu, mama, yaani mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kaja mwingine. Kasema vile vile.

Nimerudi nyumbani sijui nimepita wapi. Nimeitoa bahasha, nimeitazama. 2 x 3. Darasani alama ile ni kuzidisha. Kwenye bahasha ni kama mtu aliyekwenda sokoni mara tatu. Mara na mara. Neno moja, alama moja. Hakuna aliyetuambia.

Hesabu yangu ni sahihi. Mbili mara tatu ni sita, na kwa siku ni sita hizo hizo. Mtu yeyote anipinge. Hesabu sahihi, mke wangu kaanguka.

Bahasha nimeificha kwenye koti, mfuko wa ndani. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi

Si Nyamizi tu. Nimekumbuka usiku kucha bahasha zote nilizosoma. Nyumba ya tano, mtoto wao. Nyumba ya tisa, mzee mwenzangu.

Nimezunguka nyumba zote. Nikawaambia dawa sasa mle kidogo kidogo, asubuhi, mchana, jioni. Mama wa nyumba ya tano kanitazama. "Balozi, juzi si ulisema tatu kwa mpigo?" Nikamwambia serikali imebadilisha.

Kasema haya. Kaniamini. Hilo ndilo baya.

Jumatano, 12 Machi

Daktari hakuja. Kaambiwa akae mjini mpaka shauri liishe. Wagonjwa wamengoja mpaka saa nane, wamerudi. Mmoja alikuwa na mimba, kabebwa kwa baiskeli.

Alasiri mwenyekiti kaja na barua imeshapigwa taipu. Kasema ni maneno yangu mwenyewe, amenisaidia kuyapanga tu. Kasema nisome kwanza. Kasimama juu yangu. Mimi husoma kwa kidole na midomo, polepole, sipendi mtu anione. Nikaruka katikati. Nikatia sahihi. Sahihi yangu ni nzuri, ina mkia.

Akauliza bahasha iko wapi. Nikasema sijui. Akacheka kidogo. "Imepotea, mzee. Si ndiyo?" Akakunja barua.

Alipoondoka nikaukumbuka mstari niliouruka. Jicho lilikuwa limeshika neno moja tu. Mdomo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata lori la tumbaku mpaka Tabora. Nimekaa juu ya marobota, goti limevimba.

Nyamizi kakonda. Husikia upande mmoja tu, upande mwingine bado nyuki. Nikamsalimia mara mbili hakujibu, nikadhani kanikasirikia, kumbe sikio. Nikahamia upande mwingine.

Kasema ameulizwa na kila mtu nani alimpa sita. Nikauliza ukasemaje. Kasema, "Nimesema nilimeza mwenyewe. Mkono ni wangu, mdomo ni wangu." Halafu kageukia ukutani. Anajua. Alijua tangu siku ile na sita mkononi.

Nje nimekutana na daktari Mwanahawa, hana koti jeupe. Nikasema niyamalize hapo hapo. Nikamwambia, mtani, mimi ndiye niliyemlisha mke wangu sita. Nilisoma vibaya.

Akanishika mkono. Machozi yakamlengalenga. Kasema, "Mpagazi wee, na huo mzigo nao unataka kunibebea? Nenda nyumbani. Najua unanifariji."

Kadhani utani. Nimesema kweli mara moja tangu mambo haya yaanze na imechukuliwa utani. Ningesema tena. Mdomo uligoma.

Jumanne, 18 Machi

Nyamizi karudi. Anapika, anafagia, hasemi. Nikisema anasema sikusikia. Labda kweli.

Nimejaribu kumweleza juu ya hesabu, kwamba hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Kanyanyuka, kaenda kuchota maji. Mapipa yalikuwa yamejaa.

Alhamisi, 20 Machi

Mkutano ni Jumamosi. Anakuja Mganga Mkuu wa mkoa mwenyewe. Daktari ataletwa asikie tuhuma. Ikithibiti ataondolewa, labda asitibu tena popote. Zahanati itarudi kwa Saidi. Na sanduku litarudi kwa mwenyekiti, hilo hakuna anayelisema.

Mimi shahidi wa kwanza. Mwenyekiti kanifundisha leo mara mbili namna ya kusimama. Mimi, mnyapara, nafundishwa kusimama.

Nimefungwa kila upande. Nikisema kweli, kijiji kitajua balozi wao hajui kusoma bahasha, na wale waliomeza watanidai afya zao. Na nimetia sahihi uongo. Nikinyamaza, binti wa watu anapotea kwa ajili yangu. Kuhama siwezi. Kuhama kwenyewe kunataka barua ya mwenyekiti. Ningeumwa ningekosa mkutano, lakini siumwi. Mwili wangu umekuwa mzima kwa makusudi.

Wagonjwa kumi na wanane leo wamerudi bila daktari. Nimewaona wote. Kibaraza changu kinatazama barabara.

Jumamosi, 22 Machi



Mvua ilitufukuza uwanjani, mkutano ukafanyika darasa la kisomo. Watu mpaka madirishani. Mganga Mkuu mtu mnene, mpole, miwani. Daktari Mwanahawa kakaa pembeni kwenye dawati dogo kama mwanafunzi. Kaulizwa. Kasema aliandika mbili mara tatu. Mwenyekiti kasema bahasha haipo, lililopo ni neno la mume wa mgonjwa.

Mganga Mkuu kanipa barua. "Mzee, isome mwenyewe, tuisikie kwa sauti yako."

Nikasoma. Kwa kidole na midomo, mbele ya kijiji kizima. Nilichukua muda. Nikafika kwenye mstari: daktari alinitamkia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba nimpe vidonge sita kwa mpigo. Nikasimama hapo.

Nikasema sahihi ni yangu, maneno si yangu. Mwenyekiti kasema mzee kachoka akae. Nikasema sijachoka, nimebeba taruma la reli peke yangu mwaka ambao wewe ulikuwa unanyonya. Nikasema aliyesema sita ni mimi. Nilisoma mimi.

Nyuma wakaanza kucheka. Mtu mmoja kasema, "Mtani anamwokoa mtani." Mganga Mkuu mwenyewe katabasamu. Nikaona inanitokea tena ile ya hospitali. Nasema kweli na inakuwa utani.

Nikatoa bahasha kwenye koti. Nikaenda kwenye ubao. Chaki ilikuwepo. Nikaandika kama ilivyoandikwa, kwa ukubwa. 2 x 3. Nikawageukia, nikawauliza kama mwalimu anavyotuuliza: mbili mara tatu?

Darasa zima wakajibu kwa pamoja. "Sita." Mwenyekiti naye. Nimeona midomo yake.

Nikasema, basi na nyinyi mngempa sita.

Mvua tu kwenye bati. Halafu mama wa nyumba ya tano kasimama. Kasema mwanawe alimeza tatu kwa pamoja siku mbili, katapika, yeye akadhani ni homa. Kasema balozi ndiye aliyesoma. Kisha mzee wa nyumba ya tisa. Kisha mtu wa safu nyingine kabisa, si wangu, kasema kwao hujisomea wenyewe, na wao hufanya hivyo hivyo. Mikono ikazidi.

Mganga Mkuu kavua miwani, kaangalia ubao muda mrefu. Kamuuliza daktari, miaka mingapi tunaandika hivi? Daktari kasimama. Kasema aliandika kama alivyofundishwa na waliofundishwa kama yeye, akaona kazi yake imeisha penye bahasha. Kasema kosa la kusoma ni la mzee, kosa la kuandika ni lake. Kasema ni lenu pia nyinyi mlioko mkoani, bwana mkubwa. Nilidhani hapo amejimaliza. Yule mtu kaitikia kwa kichwa, kaitia bahasha mfukoni mwake. Kasema daktari atarudi kazini, si Jumatano hii, ile ya pili, na neno hili halitaishia hapa.

Kwangu hakusema kitu. Wakati wa kutoka watu wamenipisha njia. Si kwa heshima.

Jumapili, 23 Machi

Nimevuliwa ubalozi. Si mwenyekiti aliyenivua. Nyumba zangu zenyewe. Nyumba saba kwa tatu. Ya tano imesema kwa upole, na hilo limeniuma zaidi. Mwenyekiti kasema anazo njia zake za kunikumbuka.

Watoto wananiita Mzee Sita. Nimemfukuza mmoja, goti likanizuia.

Nyamizi kasikia yote. Alikuwa dirishani. Kanipa ugali na nsansa, mboga kavu ya kwetu, kakaa mpaka nikamaliza.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari karudi. Kaniita ndani mbele ya foleni, nikakataa, nikapanga foleni. Zamu yangu ikafika.

Mezani kaweka bahasha mpya. Kasema, "Soma, mpagazi. Ukielewa wewe, mkoa mzima utaelewa." Sijawahi kusifiwa vibaya namna hii. Nikamwambia Mzaramo hana shukrani.

Imeandikwa: Asubuhi 2, mchana 2, jioni 2. Nikasoma. Nikamwambia hapa umekosea tena. Asubuhi saa mbili sawa, watu wameamka. Lakini mchana saa mbili hakuna, saa mbili ni asubuhi. Na jioni saa mbili ni usiku. Tena hukusema ameze ngapi.

Kashika kichwa. Saidi dresa kacheka mpaka kakaa chini. Daktari hakucheka. Kachana bahasha, kaandika nyingine: Vidonge viwili asubuhi. Vidonge viwili mchana. Vidonge viwili jioni. Hakuna tarakimu, hakuna alama. Nikaisoma, nikatafuta kosa kwa muda, nikakosa. Kasema atakwenda nayo mjini, wakubwa watamwambia karatasi ni ndogo na maneno ni marefu, atagombana nao.

Kanitaka nije kila Jumatano ajaribu maandishi yake kwangu. Nimekubali. Siyo ubalozi. Ni benchi tu.

Jumatano, 9 Aprili

Sikuandika siku nyingi. Nilikuwa na hasira. Mwenyekiti kanipanga zamu ya shamba mara nne wiki moja. Goti.

Bahasha za maneno zimeanza kwetu na vijiji viwili jirani. Mkoani bado wanajadili. Daktari kasema wamemwambia yeye ni mtaalamu wa kutibu, si wa kuandika. Kawajibu nini hakuniambia. Macho yake mekundu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua zimepungua. Nyamizi ana homa tena, ndogo.

Nimefuatana naye zahanati. Foleni. Zamu yake ilipofika nilinyanyuka, akaniwekea mkono begani, nikakaa. Kaingia peke yake.

Nimesikia daktari anamweleza, polepole, upande wa sikio linalosikia. Nimesikia Nyamizi anarudia. Viwili asubuhi. Viwili mchana. Viwili jioni. Daktari kamwambia arudie tena, karudia. Sijaulizwa kitu.

Katoka na bahasha mkononi. Sikuiomba. Tumerudi kwa njia ya nyuma, ile ya zamani ya wapagazi, ina kivuli. Yeye mbele, mimi nyuma na goti langu. Penye mchanga kasimama kuningoja.